Vipimo vya saa ya mkono: maswali ambayo wateja na mafundi chipukizi wa Dar wanatuuliza

Haya ndiyo maswali tunayokutana nayo mezani kwetu Kariakoo, kutoka kwa wateja na kwa vijana wanaojifunza ufundi. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mengi ndani yake, mengine yanakwisha kwa sentensi moja. Msimamo wetu usemwe mapema: saa inapimwa kabla haijaguswa, inapimwa tena baada ya kutengenezwa, na mwenye saa ana haki ya kuonyeshwa vipimo vyote viwili.

Fundi, saa imesimama tu. Si uweke betri mpya tumalizane?

Huenda betri ndiyo mkosaji, huenda siyo. Kuna testa ndogo unaiwekea saa juu yake bila hata kuifungua. Saa ya betri ikiwa hai, sakiti yake hupeleka mdundo wa umeme kwenye koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa, kila sekunde, na mdundo huo hutoa sumaku kidogo inayopenya hadi nje. Testa inaunasa: taa inawaka au inalia.

Sasa angalia. Mishale imesimama lakini taa inawaka kila sekunde? Basi betri inafanya kazi na sakiti inafanya kazi; kilichokwama ni meno ya magurudumu ya ndani, kwa sababu ya uchafu, kutu, au mshale uliopinda unaogusa mwenzake. Ukiweka betri mpya hapo umetupa hela. Taa haiwaki kabisa? Hapo ndipo tunafungua mfuniko na kuanza kuuliza: ni betri, ni koili, au ni sakiti?

Betri tunaitoa kwa kibanio cha plastiki, maana cha chuma kikigusa pande mbili kwa pamoja kinaipiga shoti. Kisha mita. Betri ndogo ya SR626SW, ambayo wengine wanaijua kama 377, ina volti 1.55. Hizi za oksidi ya fedha zina tabia moja ya kuwafahamisha vijana: volti zake hazishuki polepole. Zinakaa palepale karibu maisha yake yote, kisha zinaanguka ghafla mwishoni. Kwa hiyo usomaji wa 1.55 haukwambii kama imebaki miaka miwili au wiki mbili. Ndiyo maana testa nzuri inaibebesha betri mzigo kidogo wakati wa kupima. Iliyochoka inaporomoka papo hapo.

Nabadilisha betri kila baada ya miezi michache. Mnaniuzia mbovu?

Swali zuri, na mara nyingi mteja anakuwa na haki ya kuliuliza. Kuna sababu mbili kubwa.

Ya kwanza ni betri yenyewe. Sokoni kuna SR, zile za oksidi ya fedha, na kuna LR, yaani za alkalini, ambazo nyingine zimeandikwa AG4. Ukubwa ni uleule, zinaingia vizuri, na bei yake ni ndogo sana. Lakini alkalini inashuka volti tangu siku ya kwanza, na ikifa ndani ya saa inaweza kutoa maji yanayokula sakiti. Tumefungua saa nyingi ambazo betri ya bei ya chee imeacha unga wa kijani juu ya koili. Muulize fundi wako ameweka SR au LR. Herufi ziko mgongoni mwa betri, asione taabu kukuonyesha.

Sababu ya pili ni saa kula umeme kupita kiasi, na hii haionekani kwa macho. Inatakiwa mita inayosoma mikroampea, yaani sehemu ya milioni ya ampea. Tunatoa betri, testa inailisha saa badala yake, na tunasoma inakunywa kiasi gani. Saa ya kawaida yenye mishale mitatu hunywa kama mikroampea 1, pengine kidogo zaidi. Betri ya 377 ina karibu miliampea-saa 28. Piga hesabu: mikroampea 1 ni miliampea 0.001, na 28 ukigawa kwa 0.001 unapata saa 28,000, kama miaka mitatu. Mashine, yaani mtambo wa ndani, ya Miyota 2035, iliyomo kwenye saa nyingi sana za bei ya kawaida, inatumia betri hiyo na mtengenezaji wake anaikadiria miaka mitatu. Hesabu inakubaliana.

Sasa chukua saa ileile ikinywa mikroampea 4. Saa 28,000 zinakuwa 7,000, hata miezi kumi haifiki. Sababu huwa mafuta yaliyoganda, uchafu kwenye meno, au unyevu uliotambaa juu ya sakiti. Hapo dawa ni kusafisha. Kubadilisha betri ni kulipa kodi ya nyumba usiyokaa.

Mshale wa sekunde unaruka mbili mbili. Imeharibika?

Hapana. Saa nyingi za betri zimewekwa hivyo makusudi: nguvu ikikaribia kwisha, mshale unaruka sekunde mbili au nne kwa pamoja ili kukuonya. Badilisha betri mapema kabla haijafia ndani.

Koili mnaipimaje?

Kwa omu, betri ikiwa nje. Mita iseme kiasi ambacho karatasi ya mtengenezaji wa mashine hiyo inataka. Kwa nyingi ni kuanzia omu mia kadhaa hadi elfu mbili au zaidi kidogo. Ikisoma kwamba hakuna njia kabisa, waya umekatika. Waya huo ni mwembamba kuliko unywele, na mara nyingi kilichoukata ni bisibisi ya fundi aliyetangulia. Tukikuta mkwaruzo juu ya koili tunakuonyesha kwa lenzi kabla hatujagusa kitu, ili baadaye tusije kulaumiana.

Ile mashine yenye kioo kinachochora vidoti ni ya nini?

Hiyo ni taimugrafa, na ni kwa ajili ya saa zisizo na betri: za kutia ufunguo na za otomatiki, zinazojitia ufunguo kwa mwendo wa mkono. Saa inabanwa juu ya kishikio chenye maikrofoni, inasikiliza mlio wa tiki, na inalinganisha na saa yake yenyewe ya ndani. Kwa dakika moja inakwambia mambo ambayo zamani fundi alisubiri siku nzima kuyajua. Kampuni ya Witschi ya Uswisi inatengeneza za gharama kubwa; meza nyingi hapa mjini zikiwa nayo, ni ya Kichina aina ya 1000, na kwa kazi zetu inatosha sana.

Kwanza inatambua saa inapiga mara ngapi kwa saa moja. Nyingi za zamani hupiga 18,000, Seiko nyingi za otomatiki 21,600, za Uswisi za siku hizi nyingi 28,800, chache 36,000. Kisha inatoa namba tatu, na hapa tafadhali tuliza akili, maana watu wengi wanaisoma ya kwanza tu.

Namba ya kwanza ni mwendo: saa inakimbia au inachelewa sekunde ngapi kwa siku. Vidoti vikipanda, inakimbia, vikishuka, inachelewa.

Ya pili ni amplitudi. Ndani ya saa kuna gurudumu linaloitwa balansi, linabembea kwenda na kurudi. Amplitudi ni nyuzi (digrii) ngapi linazunguka kutoka katikati hadi mwisho wa mbembeo. Mashine haioni balansi, inasikia tu. Kila tiki ina milio kadhaa midogo ndani yake: kuna mlio wa balansi kugonga uma, kile kipande kinachoshika na kuachia meno, na kuna mlio wa jino kushikwa tena. Balansi yenye nguvu inapita pale kwa kasi, kwa hiyo milio hiyo inakaribiana. Balansi dhaifu inajikokota, milio inaachana. Taimugrafa inapima mwachano huo na kukokotoa nyuzi.

Ili ikokotoe sawasawa lazima uiambie pembe ambayo uma unashikana na balansi. Taimugrafa hutoka kiwandani ikiwa imewekwa 52, na mafundi wengi hawaigusi tena. Kwa mashine ya otomatiki ya Seiko iitwayo NH35 ni 53, kwa ile ya Uswisi iitwayo ETA 2824-2 ni 50. Tofauti ndogo, haiui mtu. Lakini Omega za Co-Axial, zenye mfumo tofauti wa kushika na kuachia meno, ni 38. Ukiziacha kwenye 52 unapata namba kubwa kupita ukweli, unamwambia mteja saa yake ina nguvu kumbe inakufa.

Ya tatu ni hitilafu ya mpigo, kwa milisekunde: mbembeo wa kwenda na wa kurudi haulingani muda. Ikiwa chini ya 0.8 hatuhangaiki nayo. Ikizidi sana, saa iliyosimama inakuwa mvivu kuanza yenyewe.

Namba nzuri ni zipi?

Saa ikiwa imejaa ufunguo na imelazwa uso juu, amplitudi ya nyuzi 270 hadi 310 ni afya njema. Ya zamani ikitoa 240 au 250 baada ya kusafishwa, tunashukuru. Chini ya 200, hata kama mwendo unasoma sifuri, saa hiyo inaumwa. Hili tunalisisitiza kwa sababu ndipo wateja wanapodanganywa. Fundi mvivu anaweza kusogeza kile kijiti cha kurekebishia kasi hadi mwendo usome vizuri, akakurudishia saa bila kuisafisha. Ukifika nyumbani Mbagala inakwenda sawa. Baada ya wiki mbili imeanza tena, kwa sababu mafuta yaliyokauka bado yamo mlemle. Kijiti hicho kinaguswa mwisho, amplitudi ikishakuwa nzuri. Kwa hiyo ukionyeshwa mwendo, uliza na amplitudi.

Nayo ikizidi nyuzi 330 si sifa. Balansi inazunguka hadi inagonga upande wa nyuma wa uma, na saa inakimbia kama imekunywa kahawa.

Kuhusu sekunde, inategemea saa. NH35 mtengenezaji mwenyewe anaikubali kati ya kuchelewa sekunde 20 na kukimbia 40 kwa siku. Saa yenye cheti cha COSC, shirika la Uswisi linalopima usahihi wa saa, imefuzu kati ya kuchelewa 4 na kukimbia 6, baada ya kupimwa siku 15 katika mikao mitano na joto la sentigredi 8, 23 na 38. Usitudai usahihi wa COSC kwa saa ambayo haikuzaliwa nao.

Mbona mliigeuzageuza saa yangu kwenye mashine?

Kwa sababu mkononi haikai mkao mmoja. Tunapima uso juu, uso chini, kisha imesimama wima na kitufe cha pembeni kikielekea huku na huku. Ikisimamishwa wima, amplitudi hushuka nyuzi 20 hadi 40, hilo ni la kawaida. Ikishuka zaidi ya hapo, au mwendo ukitofautiana sana kati ya mikao iliyosimama, tunashuku ekseli ya balansi au uzito wake kutolingana.

Kariakoo na kelele zote zile, mashine inasikia nini?

Maikrofoni yake husikia kwa kugusana na saa, kwa hiyo mpiga debe na spika ya duka la jirani havisumbui sana. Kinachosumbua ni mtikisiko. Cherehani ikiwa meza moja na taimugrafa, vidoti vinatawanyika kama mchele uliomwagika. Tunaweka sponji chini, na vipimo muhimu tunavifanya asubuhi kabla jenereta za jirani hazijaanza.

Programu ya simu haiwezi kunipimia nyumbani?

Mwendo inaweza, ukiwa chumba kimya na saa imelala juu ya maikrofoni. Amplitudi ya simu usiiamini sana, milio ile midogo inapotea. Itumie kujua kama saa imebadilika tabia.

Saa ilikuwa nzuri, ghafla inakimbia dakika nyingi kwa siku. Nini?

Mara nyingi ni sumaku. Springi nyembamba iliyojiviringisha juu ya balansi ikishika sumaku, mizunguko yake inanatana, springi inakuwa kama imefupishwa, na saa inakimbia. Spika, kifuniko cha simu chenye sumaku, kifungo cha mkoba: vyote vinatosha.

Kipimo chake ni rahisi kuliko vyote katika ukurasa huu: dira ndogo. Mzee mmoja wa Temeke alileta otomatiki yake akiwa na hakika kwamba imekufa, maana ilikuwa ikimwamsha kwa sala ya alfajiri kabla ya wakati. Tukaweka dira juu ya kioo. Mshale wa dira haukuvutwa upande tu; ulianza kutetemeka haraka haraka, sambamba na tiki. Hiyo ndiyo dalili yenyewe. Chuma cha kawaida kinaweza kuvuta dira kidogo na kuishia hapo, lakini mtetemo unaofuata mapigo unatoka kwenye balansi na springi yake. Tukauliza saa inalala wapi usiku. “Juu ya redio, mwanangu.”

Tiba ni kile kiboksi cha kuondoa sumaku: weka saa, bonyeza, na uinyanyue taratibu ukiwa bado umebonyeza. Ukiachia kitufe saa ikiwa palepale juu ya boksi, unaweza kuiacha na sumaku zaidi. Za betri usizipeleke huko. Moyo wa mota yake ni sumaku ya kudumu na hutaki kuidhoofisha.

Imeandikwa mita 30. Naweza kuogelea nayo Coco?

Usithubutu. Mita 30 ni shinikizo la bar 3 lililopimwa maabara kwa maji yaliyotulia. Kwa maisha ya kawaida maana yake ni manyunyu ya mvua na kunawa mikono. Kuogelea baharini, tafuta ya mita 100, na ukitoka isuuze kwa maji baridi ya bomba. Pia maandishi yale yanasema saa ilivyotoka kiwandani. Mipira ya kuzuia maji inazeeka, na joto la hapa na jasho lenye chumvi vinaiharakisha.

Basi mnapimaje kama inaingiza maji?

Kwa njia tatu, na tunaanza na ile isiyo na hatari.

Njia kavu: saa inawekwa ndani ya chemba, hewa inashindiliwa, na kisindano kinagusa kioo. Saa iliyofungika vizuri inabonyea kidogo sana na kubaki hivyo hadi shinikizo litoke. Inayovuja inabonyea, kisha inarudi taratibu wakati shinikizo bado lipo, maana hewa imeshaingia ndani. Hakuna tone la maji lililohusika.

Njia ya mapovu ndiyo wanayo mafundi wengi, kwa sababu kifaa chake ni nafuu: silinda ya plastiki ngumu, nusu maji, nusu hewa, na pampu ya mkono. Saa inaning’inia juu ya maji, hewa inapigwa hadi bar 3 au zaidi kulingana na saa, tunasubiri dakika chache. Kama kuna tundu, hewa imeingia. Kisha tunaizamisha na kuachia shinikizo polepole. Povu moja mbili kutoka chini ya mkanda si kitu, ni hewa iliyonaswa. Mkufu wa mapovu usiokatika kutoka pembeni mwa kitufe ndio uvujaji. Hapo, kijana, sikiliza: inyanyue saa majini kabla shinikizo halijaisha. Maadamu hewa inatoka, maji hayaingii. Hewa ikikwisha, maji yanachukua nafasi yake. Na usiachie shinikizo kwa pupa, kioo kinaweza kuruka.

Njia ya tatu ni ya kujua kama unyevu umeshaingia. Saa inapashwa moto hadi nyuzi 40 au 45 za sentigredi, tone la maji ya kawaida linawekwa juu ya kioo kwa dakika moja, linafutwa. Ukungu ukibaki chini ya kioo, ndani kuna maji. Wafanyakazi wa maofisi ya mtaa wa Posta mjini wanafanya kipimo hiki bila kujua: anatoka juani, anaingia ofisini kwenye kiyoyozi, kioo kinaweka ukungu kwa ndani. Ukiiona hali hiyo usingoje mwisho wa mwezi. Kutu ikishaanza kwenye springi, gharama inabadilika.

Sisi tunapima maji kila tunapofungua saa inayodai kuzuia maji. Hata kwa kubadilisha betri tu.

Mnaweza kunipimia kama saa ni feki?

Vipimo vinasaidia nusu. Saa inayodai mashine ya mapigo 28,800 ikasoma 21,600, mashaka yamethibitika. Lakini feki nyingi nazo hupiga 28,800 siku hizi, kwa hiyo kusoma sawa hakukuokoi. Lazima kufungua mfuniko na kutazama kwa lenzi: michoro, skrubu, namba ya mashine.

Mkubwa, mimi najifunza. Ninunue kipi kwanza?

Lenzi nzuri, mdogo wangu, ya mara kumi pamoja na ya mara tatu au nne kwa kazi ya kawaida. Kisha mita inayosoma mikroampea. Kisha dira. Vitatu hivyo vitakupatia majibu ya saa nyingi zitakazopita mezani kwako, maana nyingi ni za betri. Taimugrafa ifuate ukianza kupata za otomatiki za kutosha. Na kabla ya vyote zoesha mkono: shika balansi kwa kibanio uinyanyue kidogo sana, uhisi kama ina nafasi ya kucheza juu na chini. Hilo halipimwi na mashine yoyote tuliyotaja.

Nunua pia daftari. Andika namba za kila saa ilipoingia na ilipotoka.

Mnatoza kupima?

Betri na dira, bure. Vipimo kamili vya otomatiki na vya maji tunatoza, na ukitengenezea kwetu tunaikata hela hiyo kwenye bili. Tunakupa karatasi yenye namba hata ukiamua kuipeleka kwa fundi mwingine.

Saa ya mwanga wa jua niweke betri ya kawaida?

Hapana. Ndani yake kuna betri ya kuchajiwa, na ya kawaida ikichajiwa inaweza kuvimba au kumwaga. Ianike kwanza mchana mzima, pasipo joto kali kama dashibodi ya gari, kisha ilete tuipime volti.

Na za ukutani?

Zilete. Kabla ya kupanda bodaboda, jaribu kubadilisha betri na kukwangua kutu kwenye vile vishikizo vyake.